Kinyungu cha Dorosela

Kwetu Makambako wanasema hasira zangu nimezirithi kwa baba, Mzee Abdulaziz, ambaye siku moja alilisimamisha lori lake la viazi katikati ya barabara ya Njombe na kugoma kulisogeza kwa sababu askari kijana alimwita "wewe." Huenda ni kweli. Mimi nilisoma kemia kwa sababu mwalimu mmoja aliniambia Shamimu, wewe ungefaa ushonaji. Chuo kikuu nilikwenda kwa hasira, nikamaliza kwa hasira, na hasira hizo hizo zikanirudisha nyumbani kuchimba matope.

Matope yenyewe yalikuwa Ikwavila, kijiji kilicho upande wa Njombe, ambako kila vilima viwili vina bonde katikati na kila bonde lina maji hata mwezi wa kumi. Nilikuwa natafuta mafuta. Si ya kupikia wala ya gari. Vijidudu vya udongoni, vile visivyoonekana kwa macho, vina ngozi ya mafuta. Mpishi yeyote wa Njombe anajua kwamba asubuhi ya mwezi wa saba mafuta ya ng'ombe utayakuta yameganda sufuriani, ya alizeti bado yanamiminika. Vijidudu navyo vinalijua hilo. Baridi ikizidi, hubadilisha mafuta ya ngozi yao yasigande. Joto likija, huyabadilisha tena yasilegee. Vikifa, mafuta yale hubaki matopeni kwa maelfu ya miaka. Ukizamisha bomba bondeni ukatoa mche mmoja mrefu wa tope, la chini likiwa la kale na la juu la juzi, maabara inaweza kukusomea baridi na joto la zama ambazo hakukuwa na mtu wa kulalamika. Ilikuwa kazi mpya wakati huo, na shahada yangu yote ilikuwa ndani ya mche huo.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Methusela, alinipeleka bondeni mwenyewe. Alikuwa mtu wa suti ya kaki na maneno laini. Akanionyesha kipande kilichofunikwa na majani marefu, akaniambia, "Hapa ni pori, dada. Hakuna aliyewahi kupagusa tangu dunia iumbwe." Ndicho nilichokuwa nakitaka. Kaka yangu Badru, aliyenileta na pikapu ya baba, akashika bomba, tukalizamisha kwa nyundo.

Tulikuwa tunalitoa wakati mwanamke mmoja aliposhuka kilimani na jembe begani. Alitusalimu, "Kamwene," kwa sauti isiyokuwa na salamu ndani yake. Kisha akasimama juu ya shimo letu.

"Nani kakuruhusu kutoboa kinyungu changu, shamba langu la bondeni?"

Nilimtazama Methusela. Methusela akacheka. "Huyu ni Mama Dorosela, mjane. Kila bonde ni lake."

"Sijasema kila bonde. Nimesema hili. Limelala. Mama mkwe wangu alipofariki tuliliacha majani yaote, lipumzike, kama alivyoliacha yeye mama mkwe wake alipofariki. Mwakani naliamsha." Akanigeukia mimi. "Na wewe, binti, mwekezaji wako anakuja lini?"

Nikamwambia sina mwekezaji, mimi ni mtafiti. Akatikisa kichwa. "Wote huanza na bomba. Kule ng'ambo ya kilima walianza na bomba, wakasema wanapima maji tu. Leo kuna seng'enge na mlinzi."

Miaka ile ya ubinafsishaji hakuna aliyeweza kumlaumu. Viwanda vilikuwa vimeuzwa, mashamba ya umma yamegawiwa, na kila gari lenye vioo vyeusi lililopita lilifikiriwa limekuja kununua kitu. Hata hivyo nilikasirika kuwekwa kundi moja na watu hao. Nilifunga bomba langu kwenye gunia nikaondoka bila kumjibu.

Tope likasafirishwa kwenda maabara ya Uholanzi, nami nikangoja Makambako nikimsaidia mama dukani. Majibu yalipofika chuoni, profesa wangu alinipigia simu. Alikuwa mtu mpole, lakini upole wake siku hiyo ulinikera.

"Chini ni safi," akasema. "Lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ni fujo. Baridi ya kale sana imekaa juu ya joto la juzi, kisha joto, kisha baridi tena. Vurugu tupu. Tafuta bonde jingine, Shamimu. Hilo litupe."

Nilikaa nyuma ya duka kwenye magunia ya chumvi nikitafuta kosa. Bomba nililisafisha. Vipande nilivipanga mwenyewe. Udongo haupandi juu wenyewe, lazima uinuliwe. Hapo ndipo nikaona kwa mawazo yangu bonde la jirani kama nilivyoliona siku ile. Wanawake walikuwa wamechimba mifereji, wanakata tope jeusi la chini na kulirundika juu ya majani, tuta baada ya tuta, tayari kwa mahindi na maharage ya kiangazi. Vinyungu ndivyo vinavyolimwa hivyo, la chini huja juu. Mwaka huu hapa, mwaka ujao mfereji unahama, tuta linakuwa mfereji na mfereji unakuwa tuta. Fanya hivyo enzi hadi enzi, kisha mpe mtu wa Uholanzi akusomee.

Pori gani hilo la Methusela? Lile bonde lilikuwa limelimwa kuliko shamba lolote nililowahi kulikanyaga.

Wiki ileile Badru alirudi kutoka Njombe na habari. Mkutano mkuu wa kijiji cha Ikwavila ulikuwa umeitishwa. Kampuni fulani ilitaka bonde lile kwa ajili ya maua ya kuuza Ulaya, na Methusela alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akisema eneo ni pori tupu, hata mtaalamu wa chuo kikuu amelipima akathibitisha.

"Mtaalamu gani?" nikauliza.

"Wewe," Badru akasema, akakaa mbali kidogo nami.

Nilimpigia profesa nikamwambia ninakwenda mkutanoni. Alisema sisi si mawakili wa ardhi. Akasema kibali changu cha utafiti kinapitia ofisi za wilaya, na ofisi za wilaya hazipendi kelele. Akasema nifikirie shahada. Nilimwambia nimeifikiria. Sikumwambia nimefikia wapi, kwa sababu nilikuwa naogopa, na nikiogopa sauti yangu hutetemeka.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, Badru akanipeleka na pikapu. Mgeni wa kampuni, kijana wa mjini mwenye viatu vilivyokwisha kuharibika kwa tope, alieleza ajira zitakazokuja. Alieleza vizuri, na wapo waliopiga makofi kwa haki kabisa, maana vijana walikuwa wanakimbilia Makambako kupakia mbao kwa kukosa kazi. Dorosela alisimama akasema bonde ni kinyungu cha ukoo wao. Methusela akamuuliza ushahidi uko wapi. Tuta liko wapi? Mfereji uko wapi? Mazao yako wapi? Yapo majani tu.

"Isitoshe," akasema, "mtaalamu wetu yule pale. Alichagua pori lile kwa sababu halijaguswa. Dada Shamimu, si ndivyo?"

Nilisimama. Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke.

"Uliniambia wewe halijaguswa, Bwana Mtendaji. Nikakuamini. Tope limekukataa." Nikawaeleza habari za mafuta ya ng'ombe na ya alizeti, na wanawake wakaelewa kabla sijamaliza. Nikawaambia baridi ya kale imekutwa juu, ambako haina ruhusa ya kuwa. "Tope la chini limeinuliwa kwa jembe. Tena si mara moja. Na watu walioliinua ndio hawa mnaowauliza ushahidi."

Yule kijana wa kampuni hakuwa mjinga. Aliuliza kama mafuriko hayawezi kuvuruga tope. Au nguruwe pori. Ni swali ambalo profesa wangu angeuliza, na nilimheshimu kwa hilo.

"Yanaweza," nikajibu. "Bomba langu ni jembamba, limeona sehemu ndogo. Mimi ninawaambia nililolikuta. Kama mnataka kuona kwa macho, chimbeni."

Methusela akasema mkutano hauhamishwi. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa utulivu, "Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Tuhamie." Watu walikwishaanza kutembea. Nami nilitembea nao nikijua kwamba nikikuta ukuta wa tope moja lisilo na alama, nimemmaliza Dorosela mbele ya kijiji kizima.

Vijana walifyeka majani wakachimba handaki, wakashuka mpaka maji yakawafika magotini. Walipoulainisha ukuta kwa panga, mwanzo sikuona kitu. Kisha Dorosela akashuka ndani na nguo zake za kanisani, akaupangusa ukuta kwa kiganja, na ikaonekana. Mgongo wa tuta, mweusi, umepinda. Chini yake mstari wa majani yaliyooza. Chini yake mgongo mwingine, umesogea kando, halafu mfereji uliojaa, halafu tuta tena. Mto haupangi hivyo. Nguruwe ndiye kabisa hawezi.

Wanawake wazima walisogea mmojammoja kutazama, na mmoja akaanza kutaja majina ya mama wakwe waliolima pale, na wengine wakamsaidia alipokwama. Yule kijana wa kampuni alitazama kwa muda mrefu, akamwambia Methusela, "Mliniambia pori," akaenda garini. Mikono iliponyooshwa kupiga kura juu ya handaki lile, ya kukataa ilikuwa mingi hata haikuhitaji kuhesabiwa. Methusela aliutangaza uamuzi akitazama viatu vyake.

Nilijaa furaha kupita kiasi. Na kwa kuwa furaha hunifanya niwe jasiri kuliko akili zangu, nilimfuata Dorosela pale pale. Nilikuwa nimeona kwamba chini ya handaki, chini ya tuta la mwisho, tope lilikuwa limetulia, lile safi ambalo profesa alilisifu. Nikizamisha bomba pembeni, kwenda chini zaidi, mwaka wangu ungepona.

"Mama Dorosela," nikamwambia, "bomba langu limo garini. Naomba nitoboe mara moja tu, hapa kando."

Alikuwa anakamua maji kwenye upindo wa kitenge chake. Hakuacha kukamua.

"Hapana."

Nilidhani hakunisikia. "Mama, si nimesimama kwa ajili yako mbele ya watu wote? Wilayani sijui watanifanya nini."

"Nimeona. Mungu akubariki, mwanangu, nasema kwa moyo wote. Lakini wewe ukiondoka na bomba, atakuja mwingine na bomba, atasema yule wa kwanza aliruhusiwa. Hapana."

"Baada ya yote niliyosema?"

Hapo ndipo alipoinua uso. "Uliyosema pale uwanjani, yalikuwa kweli, au ulikuwa unaniuzia?"

"Yalikuwa kweli."

"Basi hatudaiani."

Akachukua jembe kwa kijana mmoja, akarudi handakini, akaanza kulikata tope la chini na kulirundika juu. Nilimkasirikia mpaka macho yakaniuma, na kwa wakati huohuo nilitamani kuwa yeye. Tuta la kwanza lilikuwa limeshainuka nilipofika garini, nikamwambia Badru aondoe gari.