Tawi la Mwiba

Kifuniko cha birika kilikuwa kikitetemeka kabla hakujapambazuka, nami nikajua Eva hakulala. Mjukuu wangu alikaa jikoni na leseni yake mpya ya udalali wa viwanja mapajani, akiipapasa kama kifaranga.

"Bibi, leo jioni madalali wote wawili wanataka jibu, nifanye kazi kwa nani. Silvanus ana ofisi ya vioo na gari. Mama Angela ana chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani. Nikianza vibaya, nani Karatu hii ataniamini tena?"

"Na leo wanakupeleka wapi?"

"Wote wawili, kiwanja kilekile. Twende wote, Bibi. Mimi naona vioo tu."

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, barabara ikawa kama inaelea. Ndani ya gari Silvanus alinifunika magoti kwa koti lake bila kuombwa, hilo sitalisahau. Tulipofika, tawi la mwiba lilikuwa limelazwa kwenye pengo la ua. Eva alishuka, akalivuta pembeni kama sisi wakulima tunavyoondoa takataka shambani, gari likaingia hadi katikati.

"Kitupu, tambarare," Silvanus alimwambia mteja kwenye simu. "Hakuna mtu."

Mbele ya kibanda alikaa bibi wa Kimasai, akitutazama. Ukungu ulimfunika, ukamfunua, ukamfunika tena.

Mchana tulirudi kwa bajaji na Mama Angela. Tawi lilikuwa limerudishwa. Eva akainama kulivuta, Mama Angela akamshika mkono.

"Huo ni mlango, mwanangu. Mwiba ukilazwa hivyo, boma limefungwa." Kisha akapaza sauti kumsalimu mama mwenye boma kwa Kimasai, "Yeyo Kakenya! Takwenya!"

Tukangoja. Kivuli cha wingu kilivuka mashamba ya ngano, kikapanda mlima taratibu. Hakuna aliyetazama saa.

"Iko!" sauti ikaitikia salamu, na bibi yule wa asubuhi akaja na fimbo, akaondoa tawi kwa mkono wake.

"Asubuhi mlango wangu ulivunjwa," alisema. "Nikadhani ni tembo. Lakini tembo hana gari."

Eva aliinamisha kichwa ili Kakenya amguse utosini kwa salamu. "Ni mimi, Koko," alisema, akimwita bibi kwa Kimasai. "Sikujua."

"Basi tembo ana adabu." Akacheka, akatuingiza, akatumiminia chai ya maziwa. Mama Angela aliulizia mbuzi, akaulizia goti, akaulizia binti yake aliyeko Monduli, anayemngoja mama ahamie kwake. Habari za kuuza kiwanja chake zilikuja vikombe vilipokwisha.

Simu ya Eva ikalia. Akatoka nje.

"Kaka Silvanus, nashukuru sana," nilimsikia. "Lakini nitakuwa kwa Mama Angela."

Tulipoondoka, Eva alibaki nyuma. Alilinyanyua tawi kwa mikono miwili, akalilaza mahali pake.

Kutoka ndani ya ua Kakenya aliita, "Tembo wangu! Uje tena kabla sijahama. Hata kama huna mteja."