Ridhaa ya Baba Mzazi

Jumanne asubuhi, kabla hajaenda kufungua kibanda chake, kinyozi alimsuka binti yake wa kambo mistari minne, akamfuta mafuta yaliyomchuruzika kwenye paji la uso, kisha akaichukua fomu aliyopewa shuleni. Kulikuwa na sehemu ya jina la baba. Mtoto, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, alikuwa ameiacha wazi.

"Mbona hukujaza hapa?"

"Mwalimu kasema tusiandike uongo."

Kinyozi alikuwa amemlea tangu anatambaa. Alipomwoa mama yake watu walimcheka kwamba kanunua ng'ombe na ndama wake, naye akawajibu kuwa ukipenda boga upende na ua lake. Mama huyo alifariki akimzaa mdogo wake Kidoti, ambaye sasa alikuwa na miaka miwili. Kwa yule mdogo, kinyozi alikuwa baba kwa damu na kwa karatasi. Kwa Kidoti hakuwa kitu. Ndiyo maana alikuwa ameomba kumuasili, awe mwanawe kisheria, na jalada lake lilikuwa limekaa ofisi ya ustawi wa jamii miezi kumi na moja kwa kukosa karatasi moja: ridhaa ya baba mzazi.

"Baba mzazi alishafariki, mama," alimwambia karani wa ofisi hiyo siku ileile, kwa mara ya sita.

"Cheti cha kifo?"

Cheti hakikuwepo. Marehemu alikuwa fundi plasta. Alidondoka kutoka ghorofa ya nne ya jengo lililokuwa halijaisha, na msimamizi akamzika siku ileile kwenye makaburi ya manispaa, mstari wa tatu, bila kumwandikisha popote, maana maiti iliyoandikwa huleta maswali.

"Basi mlete mwenyewe aje asaini," alisema karani, akafunga jalada.

Kesho yake mchana kinyozi akaenda makaburini, akapiga hodi kwenye kibao cha mbao. Mkewe naye alikuwa hapohapo, mstari wa tisa, lakini yeye alikufa hospitali na cheti chake kilikuwa na mihuri miwili, kwa hiyo hakuweza kutoka. Fundi plasta alitoka bila shida.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye ninayekulelea."

Fundi plasta akajikung'uta suruali, iliyokuwa bado na madoa ya saruji. "Ahsante, ndugu yangu. Hajambo?"

"Hajambo. Yuko darasa la tatu. Hesabu tu ndizo zinampiga chenga."

"Hapo amenirithi mimi."

Kinyozi akamweleza shida. Fundi plasta akasema hilo ni jambo dogo, mtu aliyelelewa mwanawe hawezi kukataa kalamu. Wakapitia kibandani ili anyolewe, kwa kuwa ofisini si pa kwenda ovyo ovyo. Kitana kikakatika meno matatu kwa udongo. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakasogea kumpisha, mmoja akalalamika kwamba foleni imerukwa.

Kidoti aliporudi kutoka shule akamkuta fundi plasta ameketi na shati la kuazima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto akamtazama kidogo, kisha akamgeukia kinyozi. "Baba, chai ipo?" Fundi plasta akainamia kucha zake mpaka kikombe chake kikapoa.

Ofisini karani alimwomba kitambulisho. Alikuwa nacho, alizikwa nacho mfukoni.

"Hiki kimeisha muda wake."

"Hata mwenyewe nimeisha wangu, mama."

Karani hakucheka. Alimsainisha ridhaa, akaandika kwenye jalada kwamba baba mzazi amefika ofisini kwa miguu yake, akawapa tarehe ya mahakama.

Hakimu alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Alisoma ridhaa yote, akauliza, "Kwa nini unataka kumtoa mwanao?"

"Kwa sababu nimekufa, mheshimiwa. Mwaka wa nane huu."

"Una cheti?"

"Sina. Ila huyu bwana ni mwema kuliko nilivyokuwa mimi. Mtoto anamwita baba. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Bila cheti uko hai," alisema hakimu. "Na mzazi aliye hai, mwenye akili timamu, akimtoa mwanawe bila sababu, huko ni kumtelekeza. Mahakama haiwezi kukusaidia kuvunja sheria. Unaishi wapi?"

Fundi plasta alitazama huku na huku. Hakuwa amejifunza kusema uongo alipokuwa hai, na sasa alikuwa amechelewa. "Makaburi ya manispaa. Mstari wa tatu."

Hakimu akapenga kamasi, akaandika. Maombi ya kuasili yalitupwa. Mtoto akabidhiwe kwa baba yake mzazi kabla ya Jumatatu. Kinyozi, akiwa mtu baki, angeruhusiwa kumtembelea Jumapili.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema fundi plasta koridoni. "Ningejua, ningejifanya kiziwi ulipopiga hodi."

"Si kosa lako."

Fundi plasta alifanya alivyoweza. Alipanua kaburi kwa mikono, akapiga plasta kuta zote nne zikawa laini kama sahani, akamwachia mtoto rafu ya madaftari. Kinyozi akaleta godoro na sweta mbili. Kidoti alishuka akiwa na sare, akauliza shule atakwenda saa ngapi, na watu wazima wote wawili wakainama kutandika godoro.

Jumapili ya kwanza kinyozi alipokuja na yule mdogo, Kidoti aliwaeleza mambo mengi. Jumapili ya pili alikohoa, akamwomba mdogo wake asimpigie kelele. Jumapili ya tatu hakupanda tena juu. Aliitikia kutoka chini, na kinyozi akalazimika kulala kifudifudi ili amsikie.

Jumapili ya nne walimkuta karani amechuchumaa ukingoni, amekuja kukagua. Alikuwa anajaza fomu juu ya goti lake. Mtoto anaishi na nani: baba mzazi. Usafi: unaridhisha. Makazi: ya kudumu.

"Na mimi, mama?" aliuliza kinyozi. "Mimi umeniandika wapi?"

Karani alipekua kurasa zote mbili, mbele na nyuma. Alitafuta kwa dhati.

"Hapa hupo, baba," alisema.

Mlinzi akaanza kufunga geti. Kinyozi alimbeba yule mdogo mgongoni, wakafika barabarani. Mtoto akageuza shingo. "Dada?"

"Dada yuko kwao," alisema kinyozi, akaendelea kutembea.