Sista Machozi Asikiliza Albamu ya Mama Yake

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Basi kwenye msiba wa mama yake Asifiwe, pale Kipawa, wa mbali waliingia, wakalia, wakachoka, wakanywa chai, na mfiwa mwenyewe bado kakaa mkekani macho makavu, anaangalia miguu ya watu. Binti wa pekee wa marehemu! Na si binti hivihivi. Huyu ndiye yule ambaye mtaa mzima unamwita Sista Machozi.

Jina hilo kalipatia mtandaoni. Kazi yake ni kusikiliza albamu za zamani zilizosifiwa, rumba za Kongo, dansi la hapa nyumbani, taarabu, mpaka za Wamarekani waliokufa kabla yeye hajazaliwa, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, simu ikimrekodi uso. Watu hawafuati albamu, wanamfuata yeye, maana hulia. Mwanzoni yalikuwa machozi ya kweli, tumpe haki yake. Kuna gitaa moja la solo lilimliza mpaka akashindwa kula. Lakini jamani, kila wiki utalia kweli? Akajifunza kuitumbulia macho ile taa ya duara ya kurekodia bila kupepesa, mpaka machozi yajae na kudondoka yenyewe.

Ndiyo maana maneno ya msibani yalikuwa makali. Mama mdogo Monica, anayemfuata marehemu kuzaliwa, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisema mbele ya watu wote: "Wakongo asiowajua anawalilia, mama aliyemzaa anamtolea macho kama yuko foleni ya benki!"

Tangu siku hiyo akipiga simu hazipokelewi. Akisalimia kwenye grupu la ukoo, kimya. Na ubaya ni kwamba hata yeye alianza kujiuliza swali lao. Hivi mama nilimpenda kweli? Alikuwa anakula, anaoga, analala vizuri tu. Ndani kumekufa ganzi, kama fizi iliyotoka kung'olewa jino. Hata kule kutengwa na ndugu alijua kwamba kunatakiwa kumuume, ila hakukumuuma.

"Fanya albamu ya mama," Fredrick akamwambia. Fredrick ni mumewe, na ndiye anayerekodi. "Wakikuona unalia, ishu imeisha."

Albamu yenyewe inaitwa *Mafuta Kwenye Taa*, ya kwaya ya usharika wao, na kwa watu wa kwaya za zamani hiyo haina mpinzani. Wimbo wa nne ndio uliompa mama jina. Kwenye video yuko kijana, kavaa gauni la zambarau, mkono kifuani, anaongoza huku wenzake wakiitikia nyuma. Asifiwe kakua akiuangalia. Wageni wakija nyumbani unawekwa, na mama anajifanya kuona haya.

Jumamosi asubuhi, chumbani kwao Yombo, Fredrick akatangaza mtandaoni kwamba leo Sista Machozi anasikiliza albamu ya mama yake mzazi, akawasha taa, akabonyeza. Wimbo wa kwanza, Asifiwe akagundua kwamba ngoma ni ya kwenye kinanda. Wa pili, besi za wanaume zimezidi. Wa tatu ukapita na yeye anawaza kama mkaa umebaki. Wa nne ukaanza, ikaja ile sauti ya juu ambayo watu husema ina upako. Akakaa vizuri. Huyu ni mama, akajiambia. Huyu ndiye aliyekuwa akikusuka nywele huku akikugombeza utulize kichwa. Sauti ikapanda, ikakaa kule juu, ikashuka. Yeye akasikia njaa.

Albamu ikaisha.

"Vipi?" Fredrick akauliza.

"Sijahisi kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Najiogopa, Fredi."

Wakaamua waache. Fredrick akawa ameshaanza kukunja waya pale ujumbe ulipoingia kwenye grupu la ukoo, wa kwanza kumhusu tangu mazishi. Ulitoka kwa mama mdogo Monica: *Tunasubiri. Tumekaa wote sebuleni.*

Asifiwe akausoma, akaurudia.

"Rudisha wa nne," akasema.

Sauti ilipopanda akaitumbulia taa macho. Machozi hayo, yakaja kwa utiifu, moja kushoto, mawili kulia. Akaweka na mkono kifuani, kama mama. Fredrick, mjinga wa watu, anayejua mchezo wote, naye akafuta macho.

Jioni, video imeshapanda mtandaoni, simu ikaita. Mama mdogo analia mpaka maneno hayatoki, na nyuma yake wajomba wanasikika wakisema mpe pole, mwambie aje.

"Nisamehe mwanangu. Nilikuhukumu. Tumekuona wote. Kesho njoo, nakupikia ndizi."

"Asante, mama mdogo."

Si ndicho alichokitaka? Akasubiri furaha. Haikuja.

"Ngoja nitoke uani," mama mdogo akasema. Mlango ukalia, kelele za sebuleni zikapungua, na yule mwanamke asiyejua kunong'ona akaanza kunong'ona. "Asifiwe, nisikilize. Ile sauti ya wimbo wa nne si ya mama yako. Ni yangu."

"Yako?"

"Yangu mie. Siku ya kuingiza sauti ya kuongoza, mama yako yuko leba, anakuzaa wewe. Studio haingoji mtu, mwalimu wa kwaya akanisukuma mbele. Video tulikuja kupiga baadaye, wewe ushaanza kutambaa. Yeye ndiye kiongozi, yeye ndiye mzuri, akavalishwa gauni, akachezesha mdomo. Watu wakampenda. Nikanyamaza. Ningefanyaje? Dada yangu."

"Hakuniambia."

"Hakumwambia mtu. Na mie nilikuwa nakufa nayo. Ila leo nimekuona unalilia sauti yangu ukidhani ni yake, nikasema hapana, hiyo ni dhambi. Mama yako yumo wimbo wa sita. Viitikio vya huo tuliingiza wiki ya nyuma, alikuwepo na tumbo lake. Kamlilie huko."

Asifiwe akakaa kitandani. Angeweza kusema ahsante akakata simu, na mambo yakaisha salama.

"Mama mdogo, na mie sikulia. Nilichezesha macho."

Ndege ikapita juu ya Kipawa, ikasikika ndani ya simu mpaka ikaisha.

"Hukulia?"

"Sijahisi chochote tangu mlipomzika. Najaribu, hakuji kitu."

"Mungu wangu." Mama mdogo akapumua. Halafu sauti yake ikarudi ukubwa wake wa kila siku. "Sasa ndiyo usije? Kesho njoo hivyohivyo, mkavu hivyohivyo, ndizi ziko palepale. Ila wajomba zako usiwaambie, watatufukuza wote wawili."

Simu ikakatika. Fredrick alikuwa ametoka kununua mkaa. Asifiwe akaweka wimbo wa sita bila taa wala kurekodi, simu kaibana sikioni. Kiitikio kikaja: wanawake wengi, pamoja, sauti zimelala juu ya sauti. Akarudisha. Akawatenga wa juu na wa chini. Mmoja alikuwa anavuta pumzi kabla ya wenzake. Pengine ni yule, mwenye mimba huchoka upesi. Akarudisha tena, akaona hata mwingine anavuta vilevile. Akarudisha mara nyingi mpaka sikio likapata moto. Mama yumo humo, anaimba, na yeye mwenyewe tumboni mwake, na kati ya sauti zote zile hakuweza kujua ya mama yake ni ipi. Hilo, jamani, likamuuma.