Mlio wa Gari la Pak Wignyo

Pak Wignyo alileta gari lake kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu alikuja na kikapu cha matunda ya salak ya shambani kwake, kana kwamba kosa ni lake. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Gari lake likipanda tuta linagonga chini, kluk, mara moja, basi. Mume wangu Ngadiman alikuwa ameshabadilisha shokapu ya kushoto, kisha bushi za kushoto. Mlio uko palepale.

"Huenda ni masikio yangu tu, Pak Man," alisema Mwalimu, akimfupishia mume wangu jina; pak kwetu ni bwana. "Uzee."

Mume wangu akamjibu kuwa gari halisemi uongo, waende wakalisikilize tena.

Hapa mjini kwetu Muntilan vyote vilivyo chini ya gari tunaviita miguu, na fundi wa miguu huaminiwa kwa masikio yake kuliko spana zake. Ngadiman ameishi kwa masikio hayo miaka thelathini na minne. Aliweza kukaa kwenye benchi la kibanda changu cha kahawa, gari likipita barabara ya Magelang, akataja kilichochakaa kabla halijafika darajani. Watu walicheka, wakaenda kupima, wakakuta ndivyo. Naye akawatangazia wote kwamba siku akilisikia gari vibaya atafunga karakana. Mdomo ule ndio uliotuponza.

Maana sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Nilianza kugundua mwaka jana. Mimi hukaa kulia kwake, kwa kuwa birika liko huko, na nilikuwa namsemesha hajibu. Mwanzoni nilidhani amenichoka, ikaniuma sana. Siku moja nikaangusha sufuria upande ule, hakugeuka. Sikumwambia. Kwetu mtu haambiwi jambo kama hilo usoni, hata na mkewe. Badala yake nikaanza kulitumia sikio lile. Jambo likinijaa moyoni nalisema upande wa kulia, kisha namimina kahawa.

Siku hiyo, wao wakienda kulisikiliza, nilisingizia nafuata tofu sokoni, nikapanda nao, nyuma ya dereva. Pak Wignyo aliendesha, mume wangu akakaa kushoto kwake. Tuta la kwanza liko mbele ya shule. Kluk ilitoka chini ya miguu ya Mwalimu, upande wa kulia, wazi hata kwangu mimi muuza kahawa. Mume wangu aliinamisha kichwa dirishani, akainua kidole.

"Kushoto," akasema. "Bado kushoto."

Nilimwona Mwalimu kwenye kioo. Alijua. Mtu aliyekalia mlio atakosaje kujua? Lakini alisema tu huenda, huenda, macho yake yakabaki barabarani. Wangeendelea hivyo, mmoja kwa kiburi na mwenzake kwa adabu, mpaka upande wa kushoto wote uwe mpya. Kisha Mwalimu angeshukuru sana, akahamishia gari kwa fundi wa ng'ambo ya daraja kimyakimya, na walimu wenzake wangemfuata. Hasira ilinipanda, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe.

Tuliporudi karakana nikamwambia mume wangu, Mwalimu akisikia, kama mtu aliyekumbuka ya zamani, "Baba Endah, marehemu baba yako alikuwa anautafuta mlio kwa kiganja. Mimi na Mwalimu tutatikisa, wewe shika."

Akaingia chini ya gari.

Tukaikandamiza boneti, Mwalimu na mimi, kama watu wanaokanda unga. Alishika kushoto. Akajisogeza kulia. Tukakandamiza mara mbili, akasema basi. Lakini hakutoka. Tuliona ndala zake tu, zimetulia, kwa muda ambao kahawa ingepoa.

Alipotoka alikuwa anajifuta viganja. "Ni boljointi ya kulia, kiungo cha gurudumu," alisema. "Mwalimu, ulijua?"

"Tangu mwanzo, Pak Man. Niwie radhi."

"Na wewe, Mama Endah?"

"Mimi nilijua la sikio."

Aliibadilisha mchana uleule. Mwalimu akayapita matuta ya shule kwenda na kurudi, gari kimya. Nikasubiri mume wangu ateremshe mlango wa chuma wa karakana, kwa sababu aliahidi, naye si mtu wa kula maneno yake. Aliushika, akasimama nao, kisha akauachia. Akaniambia kesho kuna gari linakuja kutoka Salam, hapo jirani, na kwamba nitapanda naye, nyuma, kulia.

Halafu akaja kwenye benchi. Hakukaa mahali pake. Alisogeza birika, akakaa ninapokaa mimi siku zote, sikio lake la kushoto likanielekea.

"Haya, yarudie," akasema.

"Yapi?"

"Uliyoyasema upande ule mwaka mzima. Nilikuwa naona mdomo unacheza."

Nilimimina kahawa kwanza. Kisha nikaanza na lile la mwanzo kabisa, kwamba nilidhani amenichoka.