Robota Lisilo na Tundu

Bwana shamba aliwaonya mume na mke: mbolea ya naitrojeni ikizidi, jani la tumbaku likikaushwa hubaki na sumu. Mume, mbishi kama nini, akacheka mpaka jino la mwisho, akaimwaga maradufu kwenye mistari minne.

Sasa mkewe alikuwa ghalani akikagua marobota. Fukusi walikuwa wametoboa yote, kama kila mwaka, isipokuwa la mistari ile. Halikuwa na tundu hata moja. Wadudu walikuwa wamelizunguka sakafuni, wote wameligeuzia mgongo.

"Umeona lilivyo safi?" mumewe alisema nyuma yake. "Hili haliuzwi, ni letu. Baba nimeshamjazia kiko chake."

Uani, baba mkwe alikuwa akikohoa tangu asubuhi. Kikohozi kikakatika.