Manyoya ya Harusi ya Vanessa

Jumatatu baada ya harusi ya Vanessa, Godelieve alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akakata kipande cha sabuni ya mawese, akaketi kwenye kibao uani kwake, katika mji wa Baraka kando ya ziwa, kuchambua manyoya. Yalijaa magunia, yote ya kondoo waliochinjwa kwa karamu. Aliyempa ni baba wa bibi harusi, papa Fabien, mwenye mitumbwi ya injini inayokwenda rasi ya Ubwari, maduka sokoni na nyumba za kupangisha, mojawapo ikiwa hiyo aliyokaa Godelieve.

"Chukua yote, mama," alimwambia, akionyesha kiwanja chake. "Iko nanuka mu parsele yangu."

Kazi hiyo Godelieve alijifunza ukimbizini Tanzania. Manyoya ya kondoo hutiwa maji ya moto na sabuni, yakasuguliwa, yakaviringishwa ndani ya mkeka na kukanyagwa, mpaka yanashikana yenyewe kuwa kitambaa kizito kisichojua uzi wala sindano. Baraka walikiita fetre. Manyoya laini aliyatengenezea kofia za watoto wachanga. Haya hayakuwa laini. Alivuta fungu moja, akalinyoosha karibu na sikio ili asikie kama linakatika. Halikukatika. Akaligusisha shingoni, likamwasha. Akalitia povu na kuliviringisha viganjani, likawa gumu kama kokwa la chikichi. Yaliyobaki yamenyooka kama nywele za mbuzi aliyaweka kando, maana hayo hayashikani hata uyakanyage hadi Pasaka.

"Hii si ya kuvaa," alijisemea. "Hii ni ya kukalia."

Basi akatengeneza mifuniko ya viti vya pikipiki. Alitandika tabaka moja kwa urefu, jingine juu yake kwa upana, akamwaga maji ya moto, akakanyaga asubuhi nzima huku akiimba nyimbo za kwaya. Manyoya magumu hayaogopi mvua wala makalio. Bamotari, waendesha pikipiki wa stendi ya soko, waliinunua yote, na Assumani, aliyekuwa wa kwanza, alisema mgongo wake umepona.

Siku iliyofuata Assumani alimpakia muuguzi mmoja kumpeleka kazini. Walipofika mbele ya lango la papa Fabien, injini ilizimika na kiti kikalia kama kondoo anayeita wenzake. Muuguzi alijiinua kidogo.

"Kiti yako iko nalia," alisema.

"Iko mupya," Assumani alijibu.

Walingoja kiti kimalize, injini ikawaka, wakaendelea. Kufikia mwisho wa juma, kila pikipiki yenye fetre ilikuwa inasimama langoni hapo na kulia. Abiria walizoea. Wenye haraka walipita njia ya ziwani. Mama mmoja muuza maandazi alihamishia meza yake mkabala na lango, kwa kuwa watu walisimama pale bila kupenda na wengi wao walikuwa hawajala.

Papa Fabien, ambaye sasa alishindwa kulala mchana, alimwendea Godelieve.

"Fetre yako haikuiva, mama. Rudilia."

Godelieve alikichukua kiti cha Assumani, akakichemsha tena na kukikanyaga upya. Kilipungua upana na kuwa kigumu zaidi. Kiliporudi barabarani kililia vilevile, ila kwa sauti nyembamba, ya mwana-kondoo.

Ikaja siku ya soko, na kutoka milimani akashuka mjane mmoja aitwaye Immaculée, na maharage mgongoni, akitafuta chumvi. Alipopita stendi, pikipiki zote za fetre zilimfuata. Injini hazikuwa zimewashwa. Zilijipanga moja nyuma ya nyingine, zikatembea polepole kwa mwendo wake, na bamotari wakatembea nyuma yake wakiwa na funguo mikononi. Aliposimama kuuliza bei ya chumvi, zilisimama. Alipogeuka, ziliinamisha usukani.

Immaculée alitua mzigo. Akapitisha mkono juu ya kiti cha kwanza, kisha cha pili.

"Huyu ni Mapema," alisema. "Huyu ni Mutulivu. Huyu njo alikuwa nakula maua ya kanisa." Alipofika kwenye kiti cha Assumani alikipapasa kwa muda mrefu. "Huyu alikuwa mukubwa. Juu ya nini amekuwa mudogo?"

"Balimuchemsha mara mbili, mama," Assumani alisema, na kwa mara ya kwanza alikionea haya kiti chake.

Walimpeleka kwa Godelieve. Godelieve alimpa kibao cha kukalia, akampa maji, akaketi chini karibu naye. Immaculée alieleza bila kupandisha sauti. Watu wenye bunduki walimsimamisha njiani akiwa anachunga. Walimwambia kondoo ni kwa ajili ya kazi ya nchi. Wakawaswaga kuelekea chini, naye akabaki na fimbo. Ile fimbo bado alikuwa nayo. Alitembea nayo mpaka Baraka.

"Manyoya ulipata wapi, dada?" aliuliza.

Godelieve aliutazama ukuta wa nyumba. Ulikuwa umepakwa rangi mwaka huo, kwa amri ya papa Fabien, mwenye nyumba. Ndani walikuwa watoto wake, na vitanda vyao, na sufuria.

"Kwa papa Fabien," alisema. "Ni ya harusi. Nitaenda na wewe tuseme."

Walikwenda kwa chef wa kartie, mkuu wa mtaa. Papa Fabien aliitwa, akaja amevaa shati lililopigwa pasi, akawasalimia wote kwa mkono. Nje pikipiki zilikuwa zinalia, ikabidi chef afunge dirisha.

"Mi nilinunua," papa Fabien alisema. "Batu balikuya na kondoo, nikanunua. Siulizake kondoo jina."

"Balikuwa na bunduki?" Godelieve aliuliza.

"Leo nani hana bunduki, mama?"

Chef alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na kila mtu alilisema hilo, yeye pia.

"Kondoo ni ya mama Immaculée, hiyo iko wazi," alisema. "Tumeisikia na masikio yetu. Lakini kondoo iko wapi? Balikula. Na mimi nilikuwa mu ile harusi." Akamgeukia mjane kwa upole. "Balikuwa batamu sana, mama."

"Najua," Immaculée alisema.

Papa Fabien aliagiza Fanta kwa kila mtu, shauri likaishia hapo. Chupa ya Immaculée ilibaki mezani imejaa.

Bamotari walikutana stendini na kukubaliana kumrudishia Immaculée mifuniko. Alikataa. Kule juu, alisema, njia haina pikipiki, na kondoo anayekaa ndani huharibika. "Babaki hapa. Hapa bako natembea." Assumani alimpakia na chumvi yake mpaka barabara ilipoishia. Pikipiki haikutaka kugeuka. Immaculée alishuka, akaipiga kidogo kwa fimbo.

"Rudi kazini," aliiambia. Ndipo ikageuka.

Godelieve alirudi nyumbani akafunga vyombo, akangoja kufukuzwa. Papa Fabien alipita kesho yake, akauliza habari za watoto, akasema paa la nyuma linavuja na atamtuma fundi. Fundi alikuja kweli. Godelieve alisimama uani akiisikiliza misumari ikigongwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko kama angetupiwa vitu nje. Alikuwa amesema ukweli wote mbele ya mwenye nyumba wake, na ukweli haukuwa umemwamsha hata mtu mmoja usingizini.

Kilichobadilika ni kimoja. Tangu hapo kondoo walioletwa na wale watu waliomuuzia papa Fabien walishuka Baraka wakiwa nyama tupu, imechunwa huko huko milimani na kufungwa majani ya migomba. Ngozi na manyoya, watu walisema, vilichomwa njiani. Nyama ilikuwa nyingi na bei yake ilishuka. Kwenye lango viti viliendelea kulia, na mama wa maandazi aliongeza chai.

Jumamosi moja Godelieve naye alinunua nyama hiyo, kwa sababu watoto walikuwa wamechoka na ndagala, dagaa wa ziwani. Aliikata, akaikaanga na kitunguu, akatia maji na kufunika. Kisha akakaa karibu na mbabula, jiko lake la makaa, akainamisha sikio kwenye kifuniko, akasikiliza kwa muda mrefu. Ilichemka kama nyama yoyote. Watoto walikula ugali wote, wakaomba mchuzi zaidi, akawaongezea.