Sekunde Saba za Kaka

Kazini walimwita Kidole, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Yeye na kaka yake ndio waliotengeneza ile programu ya simu ya kuita gari la wagonjwa. Unabonyeza, inafunguka, unaita gari. Sasa huko kufunguka ndiko kulikokuwa na kazi. Sekunde nane! Mtu ana mgonjwa anakoroma kitandani, yeye anatazama kiduara kinazunguka tu. Hospitali ikasema wiki hii kasi ipatikane, ama wanarudi kwenye simu yao ya mezani, ile isiyopokelewa.

Kidole akapunguza picha, akatupa hili, akasogeza lile. Wapi. Bosi akamtania kwamba konokono amevalishwa viatu tu.

Jumatano mchana ndipo alipouona. Mstari mmoja wa maagizo ndani ya programu, ameuandika kaka yake siku zile za majaribio. Kila programu ikifunguliwa, kwanza ibishe hodi kwenye kompyuta yake yeye, kule chumbani kwake nyumbani kwa mama, ingoje sekunde saba, isipojibiwa iendelee. Alitaka kujua nani anafungua. Angeutoa baadaye, lakini hiyo baadaye hakuiona, maskini. Walimzika mwaka jana. Basi mwaka mzima simu za watu zinabisha hodi kwa marehemu, zinangoja, zinakata tamaa, zinaendelea na safari.

Akataka kuufuta, akasita. Akafungua programu mara moja zaidi, kujaribu tu.

Ikafunguka papo hapo. Akatazama kumbukumbu za mtambo: hodi imejibiwa.

Akampigia mama yake, akamuuliza nani amewasha kompyuta ya kaka. Mama akasema awashe nani, chumba kimefungwa tangu msiba, na waya aliung'oa kwa mkono wake mwenyewe.

Kidole akajaribu tena. Sekunde nane. Tena. Papo hapo. Tena. Nane. Anajibu akijisikia, vile vile kama alipokuwa hai; hata simu zake alipokea kwa kuchagua.

Akakaa hapo, chai imepoa. Akiufuta mstari ule, hakuna tena duniani atakayemwita kaka yake akangoja jibu. Akiuacha, kuna mama wa mtu atakata roho, mwanawe akitazama kiduara.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Watu wana wagonjwa."

Saa tisa alasiri, akafuta. Sekunde moja, kila mara, bila kukosea. Hospitali wakaridhika, bosi akapiga makofi peke yake. Kidole akaaga mapema, akaenda kwa mama, akamsimulia yote, na machozi yakamtoka katikati.

Mama akamsikiliza hadi mwisho. Akamsogezea kiti karibu.

"Umefanya vema, mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini. "Ila tangu saa tisa kuna mtu anabisha hodi kwenye mlango wa chumba kile. Kwa ndani."